Mgonjwa asiyesema ana haki ya kuandikiwa

  

Ndugu msomaji, aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'an haizungumzii swala wala hija. Inazungumzia deni. Ni aya ya 282 ya Surat al-Baqara, na kila aliyepita madrasa anakumbuka ilivyomtoa jasho alipotakiwa kuihifadhi. Humo Allah (s.w.) anaamrisha kuwa watu wakikopeshana kwa muda maalumu waandikishiane, mwandishi aandike kwa uadilifu, na mwenye kudaiwa ndiye amtajie mwandishi cha kuandika. Kisha inakuja sehemu ambayo wengi wetu tunaipita haraka tukikimbilia habari ya mashahidi wawili. Inatajwa hali ya mdaiwa aliyepungukiwa na akili, au aliye dhaifu, au asiyeweza yeye mwenyewe kutaja cha kuandikwa. Huyo hakuachwa njiani. Walii wake ametakiwa ataje kwa niaba yake, tena kwa uadilifu. Wafasiri wameeleza kuwa wanaoingia hapo ni pamoja na mtoto mdogo, mwenye upungufu wa akili na aliyeshindwa kutamka.

Nimeifundisha aya hii kwa miaka kadhaa mbele ya vijana wa sekondari hapa Mikumi, na kila nikifika mahali hapo huwauliza swali moja. Ikiwa mali ya mtu asiyeweza kusema, hata ikiwa shilingi 5,000, imewekewa mtu wa kuisemea na kalamu ya kuiandika, je, homa yake? Je, jino linalomkeketa usiku kucha? Mali yake ina thamani kuliko mapafu yake?

Nina sababu ya kuuliza. Nyumbani kwetu Kilosa, si mbali na reli, yupo mdogo wangu wa kike. Ana miaka 26. Alizaliwa na mtindio wa ubongo, na kifafa kikamwandama tangu utotoni. Hatembei, hajawahi kutamka neno hata moja, wala hawezi kunyoosha kidole kuonesha panapomuuma. Mimi kazi imeniweka Mikumi, kiasi cha kilomita 80 kutoka nyumbani, na siku nyingi za mwisho wa wiki huwa ndani ya basi la kwenda Kilosa. Anayemlea ni mama yetu, na mama anaijua lugha yake yote. Huyu binti akisikia adhana huguna kwa furaha; siku akinyamaza adhana ikiadhiniwa, mama huchukua kipimajoto. Akificha vidole gumba ndani ya ngumi, choo kimekwama. Akikataa uji lakini akapokea maji, mama humfungua kinywa kutazama ufizi. Akikataa vyote viwili, hapo hakuna kusubiri.

Sasa fikirini, Waislamu wenzangu. Kamusi yote hiyo imo katika kichwa kimoja tu, cha mwanamke aliyevuka miaka 60 na mwenye shinikizo la damu. Miaka minne iliyopita alifiwa na dada yake huko Kidodi, ikambidi aondoke nyumbani kwa siku tisa. Usiku wa kuamkia safari alikaa mkekani akawa anataja, nami naandika, kwenye daftari la kawaida la shule, mpaka saa saba za usiku. Alipomaliza kurasa kumi na moja alisema, "Mengine nitayakumbuka njiani, baba, nitakupigia." Na kweli alipiga, mara mbili, kabla basi halijafika Mikumi.

Daftari lile halikufungwa mama aliporudi. Ndilo ninalotaka kulizungumza leo, kwa sababu nimeona kazi yake, na kwa sababu najua ziko nyumba nyingi mijini kwetu, Dar es Salaam, Morogoro, Tanga, Dodoma, zenye mtu wa namna hii chumba cha ndani na hazina hata karatasi moja iliyoandikwa juu yake.

Masika yaliyofuata mdogo wangu alipata kikohozi. Alipelekwa kwenye kituo kimoja cha tiba ambacho sitakitaja. Aliyempokea alimtazama, akamtazama na mama, akasema, "Mama, huyu si ndivyo alivyo?" Mama hakubishana naye. Alifungua daftari. Kwa wiki nyingi mfululizo pumzi za binti akiwa amelala zilikuwa 16, 17, 18 kwa dakika. Asubuhi ile zilikuwa 32. Joto la kwapani, ambalo kwa kawaida yake ni 36.5, lilikuwa 38.4. Mkojo mara mbili tangu jana yake, wakati kawaida ni mara tano. Yule mtabibu alisoma, akanyamaza kidogo, kisha akavaa kifaa chake cha kusikilizia kifua. Ilikuwa nimonia. Binti alilazwa siku sita na akapona, alhamdulillah. Simlaumu sana mtabibu yule. Foleni ilikuwa imefika nje kwenye mwembe, na mbele yake alikuwa na mgonjwa asiyejieleza na asiyemjua. Bila ule ukurasa angelinganisha na nini?

Ndivyo alivyo. Maneno haya mawili yameua watu. Analia? Ndivyo alivyo. Amekonda? Ndivyo walivyo hawa. Anajipiga kichwa? Ni ule ugonjwa wake. Ugonjwa mpya unajificha nyuma ya ulemavu wa zamani, na ulemavu unabebeshwa kila kitu. Wala msidhani ni umaskini wetu tu. Uingereza wana hospitali ambazo mgonjwa haulizwi fedha mlangoni. Hata hivyo mwaka 2007 jumuiya ya Mencap, inayotetea watu wenye ulemavu wa akili, ilitoa ripoti juu ya watu sita wenye ulemavu huo waliofariki wakiwa katika mikono ya huduma za afya. Uchunguzi mwingine uliotolewa mwaka 2013 ulikuta kuwa wanaume wenye ulemavu wa akili walikuwa wakifa kwa wastani miaka 13 mapema kuliko wanaume wengine, na wanawake miaka 20 mapema. Vifo hivyo vya mapema havikutokana na ulemavu wenyewe peke yake. Vilitokana pia na maradhi kuchelewa kutambuliwa na kuchelewa kutibiwa.

Dini yetu ina neno la kusema hapa, nalo ni la kifiqhi hasa, si la kuoneana huruma tu. Mafaqihi walijiuliza: bubu akiuza shamba, akioa, akitoa talaka, itakuwaje naye hana ulimi? Jawabu lao ni kuwa ishara yake inayofahamika inachukua nafasi ya tamko. Imam As-Suyuti, wa madhehebu yetu ya Shafii, ameizungumza kanuni hii katika Al-Ashbah wan-Nadhair, na sheria za Kiislamu zilizokusanywa katika dola ya Uthmaniyya katika karne ya 19, zijulikanazo kama Majalla, zikaiweka katika kipengele cha 70. Na Qur'an yenyewe inatusimulia katika Surat Maryam jinsi Nabii Zakariya (a.s.) alivyozuiwa kusema na watu akawafahamisha kwa ishara, na jinsi Bibi Maryam alivyowaashiria watu wake kwa mtoto mchanga bila kutamka neno, nao wakafahamu anachokusudia hata wakamjibu.

Basi ikiwa ishara ni kauli, kule kuguna, kukunja ngumi na kunyamaza kwa mdogo wangu ni kauli pia. Kauli ikisemwa ndani ya nyumba na kila siku hakuna aliyejifunza kuisikiliza, tatizo haliko kwa msemaji.

Tazameni mwenendo wa Mtume (s.a.w.). Abdullah bin Ja'far (r.a.) amesimulia, na Abu Dawud akaipokea, kuwa Mtume (s.a.w.) aliingia katika bustani ya mtu mmoja katika Ansari. Humo mlikuwa na ngamia. Yule ngamia alipomwona Mtume aligumia na macho yakamtiririka machozi. Mtume (s.a.w.) akamwendea, akampangusa nyuma ya masikio mpaka akatulia, kisha akauliza mwenyewe ni nani. Akaja kijana, naye Mtume akamkumbusha kumwogopa Allah juu ya mnyama aliyemmilikishwa, kwani mnyama yule alikuwa amemshitakia kuwa analazwa na njaa na kuchoshwa kwa kazi. Nawaomba mlitazame jambo moja katika kisa hiki. Yule kijana aliishi na ngamia wake kila siku, na machozi yale pengine alikuwa ameyazoea. Aliyeyasoma ni mgeni aliyesimama akatazama. Huyo ni mnyama, sembuse mwana wa Adamu, ambaye Allah (s.w.) amesema katika Surat Bani Israil kuwa amemtukuza, bila kuweka sharti la ulimi!

Watu wa tiba nao wamefika karibu na hapo. Mwaka 1997 huko Michigan, Marekani, wataalamu walitoa kipimo cha maumivu kwa watoto wasioweza kujieleza. Muuguzi hatazamii kuambiwa; anatazama uso, miguu, mwili unavyojinyonga, kilio, na kama mtoto anabembelezeka au habembelezeki, kila kimoja anakipa alama kuanzia 0 mpaka 2. Lakini walipokitumia kwa watoto wenye ulemavu wa akili kikawa hakitoshi, maana yuko mtoto anayecheka akiumwa na yuko anayekakamaa hata akiwa mzima. Mwaka 2006 wakakirekebisha kwa ajili ya watoto hao, wakaacha nafasi ya mzazi kuandika alama za mtoto wake mwenyewe. Yaani baada ya elimu yote ile walirudi kwa mama na kumpa kalamu.

Sasa daftari lenyewe. Kurasa za mwanzo ni za kawaida yake: anavyokuwa akiwa mzima. Hizi ndizo muhimu kuliko zote na ndizo watu wanazozisahau, kwani wengi wanaanza kuandika mtu akishaugua, na hapo hakuna cha kulinganishia. Andika akiwa mzima analala saa ngapi, anakula kiasi gani na kwa muda gani, anapata choo mara ngapi kwa wiki, anapumua mara ngapi, anapenda sauti gani, anaogopa nini. Mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Mhesabu akiwa usingizini, kwa kutazama kifua au tumbo linavyopanda na kushuka, tena dakika nzima. Usihesabu robo dakika ukazidisha kwa nne, maana watu hawa pumzi zao mara nyingi hazina mwendo mmoja. Kipimajoto kinapatikana kwenye duka la dawa muhimu na kukitumia hakuhitaji shahada.

Uzito ulitushinda kwa muda, kwani mtu asiyesimama humpimaje? Mjomba ndiye aliyepata ufumbuzi. Kila mwisho wa mwezi humbeba mpaka kwenye mashine ya kusaga nafaka, anapanda naye kwenye mizani ya magunia, kisha anapanda peke yake. Tofauti ndiyo uzito wa binti. Mwenye mashine huwa hachukui hata senti, Allah amlipe. Mwaka juzi tuliona kilo 3 zimepungua katika miezi miwili, na kwa macho hakuna aliyekuwa ametambua, kwa kuwa macho yanayomwona mtu kila siku huzoea. Kumbe jino la nyuma lilikuwa limeoza na kutafuna kulikuwa kunamuuma.

Chakula ni mahali pa hatari. Mtu mwenye mtindio wa ubongo akilishwa akiwa amelala chali, uji unaweza kushuka kwenye mapafu badala ya tumboni. Aketishwe wima, kidevu kisiinuliwe juu, alishwe taratibu, na abaki ameketi nusu saa baada ya kula. Akikohoa kila anapolishwa, sauti ikawa na majimaji baada ya kula, au akawa anashikwa na homa za kifua mara kwa mara, andika na upeleke habari hiyo hospitali. Siyo kila homa ni malaria. Katika mji kama Kilosa, wenye mto, mabonde na mbu, sisi kila joto tunaliita malaria mpaka kipimo kikatae, na wapo wanaokunywesha dawa hata baada ya kipimo kukataa.

Choo nacho watu wanaona haya kukizungumza, nami nitakizungumza, kwani hakuna haya katika kutafuta haki ya mgonjwa. Asiyetembea, anayekunywa maji kidogo na anayetumia dawa za kifafa, tumbo lake linafunga kwa urahisi. Siku tatu au nne bila choo zinaweza kumfanya atapike, akatae kula, apige kelele usiku na hata kifafa kuongezeka. Jirani atasema ni majini. Papai, mboga za majani, maji ya mara kwa mara, na pale inapohitajika dawa kutoka kwa daktari, vimeyafukuza majini mengi nyumbani kwetu!

Kuhusu ngozi, nisingependa kupita bila kusema jambo moja. Vitabu vya uuguzi vinaeleza kuwa kidonda cha kulalia kinaanza na wekundu. Wekundu huo kwenye ngozi yetu nyeusi mara nyingi hauonekani. Gusa kwa mgongo wa mkono: palipo na joto kuliko pembeni, palipokakamaa, au palipozidi weusi, hapo pameanza. Tazama kiunoni, kwenye nyonga, visigino, viwiko na nyuma ya kichwa. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili anapokuwa kitandani. Najua ni kazi. Ndiyo maana isiwe ya mtu mmoja.

Nimesema ana kifafa. Kutoka hapa Mikumi ukishuka kwa Kidatu na Ifakara, ukavuka mpaka Mahenge katika wilaya ya Ulanga, unafika mahali ambapo habari za kifafa ziliandikwa kwa umakini mkubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari mwanamke mzaliwa wa Norway, Louise Jilek-Aall, aliwakuta huko wagonjwa wa kifafa wakitengwa, wenye makovu ya moto, wasioguswa wakianguka kwa hofu kuwa povu linaambukiza. Akaanzisha kliniki, akawapa dawa, na akaandika habari za kila mmoja. Kwa kuwa aliandika, mwaka 1992 yeye na daktari wa Kitanzania, Rwiza, waliweza kutoa taarifa ya wagonjwa 164 waliofuatiliwa kwa miaka 30. Sehemu kubwa ya waliokufa walikufa kwa mambo ya kifafa chenyewe: mtukutiko usiokatika, kuzama majini, kuungua. Ndugu zangu, haya ni mambo ambayo jicho la mtu wa nyumbani linaweza kuyazuia. Na Kilosa yetu, kama Mahenge, imo katika maeneo ya nchi hii yaliyokuwa na usubi, ugonjwa unaoenezwa na inzi wa kwenye mito ya maji ya kasi, na ambao watafiti wameuhusisha na wingi wa kifafa. Kwa hiyo hii si habari ya wengine.

Kifafa kikimshika, mdogo wangu wa mwisho ana kazi moja tu: kutazama saa ya simu. Mama humlaza binti ubavu, anaondoa vitu vya karibu, na anamwacha. Hakuna kijiko mdomoni, hakuna kumshika kwa nguvu, hakuna kiatu cha kunusisha. Kikipita dakika 5 au kikirudi kabla hajazinduka, ni hospitali moja kwa moja. Daktari mmoja alitushauri kumpiga picha za video kwa simu ili aone kifafa chenyewe kilivyo, na zimemsaidia kweli kurekebisha dawa. Lakini zinafutwa akishaziona. Hazitumwi kwenye kundi la ukoo, sembuse kwa watu baki, hata kwa kisingizio cha kuombewa dua. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Ibn Abbas (r.a.) alimwonesha Ata mwanamke mweusi, akamwambia huyo ni katika watu wa Peponi. Alikuwa na kifafa. Mtume (s.a.w.) alimkhiyarisha kati ya kusubiri apate Pepo na kuombewa dua aponywe, akachagua kusubiri. Ila aliomba jambo moja, aombewe asifunuke nguo anapoanguka. Akaombewa. Mwanamke yule alikubali maradhi, hakukubali kuvunjiwa sitara. Sisi tunawapiga wenzetu picha wakiwa uchi wa maumivu na kuzisambaza.

Wapo watakaosema, "Ustadhi, huyo ni malaika, hana dhambi, mwachieni Mungu." Neno hilo ni tamu na ndani yake mna ukweli nusu. Ni kweli kalamu imenyanyuliwa juu ya asiyekuwa na akili timamu, kama ilivyothibiti katika hadithi. Yeye haulizwi swala wala funga. Kalamu hiyo haikunyanyuliwa juu yetu. Sisi tutaulizwa, kwani kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga, kwa hadithi ambayo hakuna Mwislamu asiyeijua. Na malaika, nionavyo mimi, hahitaji uji wala hageuzwi kitandani; binadamu anahitaji. Wengine wanaacha dawa za kifafa kwa sababu mganga, au hata msomaji ruqya, amewaambia dawa na kisomo haviendi pamoja. Kumsomea mgonjwa Qur'an ni katika Sunna na nyumbani kwetu anasomewa kila magharibi. Lakini Mtume (s.a.w.), alipoulizwa na mabedui kama watumie dawa, aliwaamrisha watumie. Kukatisha dawa ya kifafa ghafla kunaweza kuleta mtukutiko usiokatika, na anayetoa ushauri huo hayupo usiku unapotokea.

Sisi wanaume tusijifiche nyuma ya haya. Kuoga na mambo ya sitara ya binti ni ya mama na dada zake, hilo linaeleweka, na siku zake za mwezi mama huziandika kwa alama anayoijua yeye. Lakini kuhesabu pumzi hakuvunji sitara. Kulisha, kushika foleni kliniki, kununua kipimajoto, kuandika, haya ni ya mwanamume kama yalivyo ya mwanamke. Mzee anayehudhuria darsa tano kwa wiki na hajui mwanawe hunywa dawa gani, darsa hizo zimemfikia wapi?

Liko na jambo jingine zito, nitalisema kwa ufupi. Asiyesema hawezi kusema aliyemgusa. Daftari liandike pia michubuko isiyo na maelezo, damu isiyo ya wakati wake, na kushtuka kwake mtu fulani anapoingia chumbani. Ukiona hayo, usimwite mwenyekiti wa ukoo kwanza kumaliza mambo kimya kimya. Hospitali na polisi, siku hiyo hiyo, hata kama mshukiwa ni ndugu wa damu au mtu wa msikitini. Kuficha hapo si sitara, ni kumsaidia dhalimu.

Misikiti yetu inaweza kufanya nini? Nimependekeza kwa ndugu zangu wa Kilosa jambo dogo: kina mama wa halaqa wawatambue wenzao wanaolea watu wa namna hii, na kila Alhamisi mmoja akae kwa saa tatu na mgonjwa, daftari likiwa wazi mkononi, ili mama wa nyumba aende kupima presha yake mwenyewe. Nyumba tatu zimeanza. Katika moja, mama wa kijana wa miaka 19 alikuwa hajawahi kutoka peke yake tangu mwaka 2015. Kwa wenye nyumba za bondeni, mkumbuke mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, Mkondoa ulipofurika na maelfu ya watu wa Kilosa wakahamia kwenye mahema. Daftari, dawa na kipimajoto vikae ndani ya kopo moja lenye mfuniko wa kubana, mahali ambapo hata mtoto anaweza kulinyakua wakati wa kukimbia.

Na liko suala la wasia. Ibn Umar (r.a.) amesimulia kutoka kwa Mtume (s.a.w.) kuwa haimpasi Mwislamu mwenye jambo la kuusia kulala mikesha miwili ila wasia wake uwe umeandikwa. Tunalifahamu hilo kwa nyumba na viwanja. Kwa mtu asiyesema tunasubiri mama afe, kisha baada ya arobaini ndugu wanaanza kusukumiana. Ramadhani iliyopita, baada ya tarawehe, mama aliniomba nifungue ukurasa mpya wa daftari niandike juu yake neno "baada yangu". Alitaja dada yetu mkubwa awe wa kwanza, kwa kuwa binti amezoea mikono yake. Alitaja na mke wangu. Kisha akasema anataka jina la tatu, la mwanamume, wa kusimamia dawa na safari za hospitali, na kwamba nisijiandike mwenyewe kwa kuwa ni mimi ninayeshika kalamu. Ndugu wote wakae waamue mbele yake. Kikao tumekiweka mwezi ujao, Kilosa, Jumamosi baada ya adhuhuri. Nauli ya wanaotoka mbali nitalipa mimi.